Kuotesha, katriji au kusoma jenomu: maabara ya Tanga ichague nini kabla ya mlipuko ujao wa virusi

Mlipuko wa virusi vya njia ya hewa ukiingia wodini, dawa zinazokwisha haraka famasi ni antibayotiki, ingawa haziui kirusi hata kimoja. Shirika la Afya Duniani lilikusanya takwimu za wagonjwa wapatao 450,000 wa UVIKO-19 waliolazwa katika nchi 65, kuanzia Januari 2020 hadi Machi 2023. Waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibayotiki ni asilimia 8. Waliopewa antibayotiki ni kama asilimia 75. Kwa wagonjwa waliokuwa na hali nyepesi au ya kati, ukanda wa Afrika uliongoza dunia nzima: asilimia 79 walipewa.

Gharama yake ilionekana mapema. Huko Marekani, maambukizi sugu yanayopatikana hospitalini pamoja na vifo vyake yalipanda kwa asilimia 15 mwaka 2020 ukilinganisha na 2019, na bakteria Acinetobacter aliye sugu kwa kabapenemu (kundi la antibayotiki kali za akiba) akapanda kwa asilimia 78. Wagonjwa walikaa muda mrefu kwenye mashine za kupumulia, glovu na wahudumu havikutosha, na dawa kali zilitolewa kwa kubahatisha. Yote hayo yanaweza kutokea Tanga pia.

Sasa vipimo vinavyosoma vinasaba vimeshuka bei na vimepungua ukubwa, na hospitali za mikoa na wilaya zinaulizwa na wafadhili zinataka kipi. Hapa tunalinganisha njia nne (kuotesha bakteria, katriji inayochomekwa kwenye mashine na sampuli ndani yake, kusoma jenomu yaani vinasaba vyote vya bakteria aliyeoteshwa, na kusoma makohozi moja kwa moja) kwa macho ya maabara ya hospitali ya rufaa ya mkoa, mfano Bombo, inayopokea pia sampuli kutoka Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto. Ushauri wetu mkuu tunautanguliza: usichague mashine kabla hujasema itabadilisha uamuzi gani na ndani ya saa ngapi.

Maamuzi yenyewe ni matatu. La kwanza ni la saa mbili za mwanzo: huyu aliyefika anahema kwa shida aanzishiwe antibayotiki au asubiri? La pili ni la saa 48 hadi 72: dawa aliyoanzishiwa iachwe, ibadilishwe au iendelee? La tatu ni la wiki: kuna nini kinachozunguka wodini, na dawa ya kuanzia kwa wagonjwa wote ibaki ileile? Hakuna kipimo kimoja kinachojibu yote matatu, na pesa nyingi hupotea pale kipimo cha uamuzi wa tatu kinaponunuliwa kwa matumaini kwamba kitajibu la kwanza.

Kuotesha na diski za dawa

Hii ndiyo njia ya zamani: bakteria wa sampuli wanaoteshwa, kisha diski zenye dawa zinawekwa juu yao kuona ipi inawazuia. Karibu hakuna njia ya jenomu inayoweza kusimama bila yenyewe, kwa sababu karibu usomaji wote wa bakteria unaanzia kwenye koloni safi iliyooteshwa. Majibu yake yanatoka siku ya pili hadi ya nne. Inajibu uamuzi wa pili, na ikikusanywa vizuri kwa miezi, inajibu nusu ya uamuzi wa tatu.

Ubovu wake mwingi unaanzia wodini. Chupa ya damu ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10. Wakati wa mlipuko, muuguzi aliyevaa glovu mbili na miwani yenye ukungu anachukua mililita 3 anaona zinatosha. Bakteria wakiwa wachache kwenye damu, chupa inatoka safi na daktari anadanganyika. Makohozi nayo yatazamwe kwanza kwa darubini kwenye lenzi ya kukuza mara 10: seli za kinywani zikizidi 10 katika eneo moja la kutazama, hayo ni mate, yarudishwe wodini. Kuotesha mate ni kumpa daktari jina la bakteria wa mdomoni na sababu ya kuandika antibayotiki isiyohitajika.

Kwenye benchi, agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria) iwe na kina cha milimita 4, yaani kama mililita 25 kwenye kisahani cha milimita 90. Ikiwa nene zaidi, duara tupu lisilo na bakteria kuzunguka diski linapungua na dawa nzuri inaonekana imeshindwa. Ikiwa nyembamba, kinyume chake. Ukungu wa bakteria kwenye maji ulingane na 0.5 ya McFarland (tyubu ya kulinganishia ukungu), diski ziwekwe ndani ya dakika 15, kisha inkubeta nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Kipimo cha kujikagua, kwa bakteria wa kulinganishia E. coli ATCC 25922, kifanyike kila wiki na kila inapofunguliwa shehena mpya ya agari au diski.

Kwa pwani yetu kuna tatizo la unyevu linalostahili kutajwa peke yake. Kasha la diski likitolewa kwenye friji na kufunguliwa papo hapo, hewa ya Tanga inageuka umande juu ya diski. Diski za dawa za imipenemu na klavulaneti ndizo zinazoharibika mwanzo. Matokeo yake ni kwamba bakteria anayekufa kwa dawa anaandikwa sugu, na daktari anapanda ngazi kwenda dawa kali zaidi bila sababu. Acha kasha lililofungwa likae nje hadi lifikie joto la chumba, kama saa moja, na pakiti ya kukausha unyevu ibaki ndani kila wakati. Kwa antibayotiki ya kolistini, diski hazifai kabisa, kwa kuwa dawa hiyo haisambai vizuri kwenye agari. Inahitaji kipimo cha mchuzi wenye viwango vya dawa vinavyopungua kwa nusu nusu.

Katriji

Mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zimeenea nchini, na hapo ndipo mkoa unapoanzia na faida. Katriji ya kirusi cha UVIKO-19 hutoa jibu kwa kama dakika 45, na katriji ya Carba-R, inayotafuta jeni za usugu kwa kabapenemu, kwa kama dakika 50. Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoufikia uamuzi wa saa mbili.

Lakini iangaliwe inajibu nini. Jibu la kirusi likitoka chanya, halithibitishi kwamba bakteria hayupo. Linampa daktari sababu ya kusubiri kwa mgonjwa ambaye picha ya kifua na hali yake haviashirii bakteria, na hao ndio wengi. Katika asilimia 75 waliopewa antibayotiki, sehemu kubwa ilikuwa ya kusubirisha hivyo. Kwa hiyo shilingi inayonunua katriji ya kirusi wakati wa mlipuko inaokoa antibayotiki nyingi kuliko shilingi inayonunua katriji ya jeni za usugu. Wengi wanashangaa wakiambiwa hivyo, kwa sababu katriji ya pili ndiyo yenye neno usugu kwenye boksi.

Carba-R inatafuta jeni tano: KPC, NDM, VIM, IMP-1 na OXA-48. Imetengenezwa kwa kijiti cha kupangusia njia ya haja kubwa au kwa koloni safi. Haikutengenezwa kwa makohozi, na jibu la makohozi yaliyotiwa humo lisiandikwe kwenye faili la mgonjwa. Jambo zito zaidi ni lile isilolitafuta. Acinetobacter baumannii, ambaye ndiye aliyesumbua sana vyumba vya mahututi wakati wa UVIKO-19, mara nyingi usugu wake unatokana na OXA-23, na jeni hiyo haimo kati ya zile tano. Katriji inatoka hasi, wodi inashangilia, na bakteria yupo kwenye reli za kitanda. Mwenye kununua katriji hizo ajue anapima usugu wa bakteria Klebsiella na E. coli hasa, kwa Acinetobacter abaki na diski ya meropenemu, mojawapo ya kabapenemu.

Joto nalo. Katriji zinahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28, na mashine inafanya kazi katika chumba cha nyuzi 15 hadi 30. Mchana wa Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hapa Tanga kinavuka kikomo cha mashine, na stoo ya bati inavuka kikomo cha katriji mapema zaidi. Kipimajoto cha kuandika juu na chini kiwe ndani ya stoo yenyewe. Kilichoko korido hakisemi chochote kuhusu boksi lililo juu ya rafu ya mwisho.

Na mashine yenye vyumba vinne vya kupimia haina mwenyewe mmoja. Mwaka 2020 wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliotambuliwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 hadi 5.8. Sababu haikuwa kwamba ugonjwa ulipungua, ila huduma zilivurugika. Ukipanga matumizi ya katriji kwa mlipuko, andika kabisa kwamba vyumba viwili kati ya vinne ni vya kifua kikuu, na visiguswe.

Kuna pia mashine za kundi la juu, kama BioFire yenye kipimo cha nimonia: kwa kama saa moja inatafuta bakteria 18, virusi 8 na alama 7 za usugu kutoka makohozi yenyewe. Ni kipimo kizuri. Bei ya kimoja inazidi dola 100, na kinakamata hata bakteria wanaokaa tu kooni bila kuumiza. Bila mtu wa kumwambia daktari kwamba Staphylococcus aureus aliyeonekana kwa kiwango cha chini anaweza kuwa mkazi wa puani, kipimo hiki kinaongeza antibayotiki badala ya kupunguza. Kwa bajeti ya mkoa, hatukishauri kama cha kuanzia.

Kusoma jenomu ya bakteria aliyeoteshwa

Hapa ndipo jenomiki inapotimiza kazi ambayo njia nyingine haziwezi, na inafaa kueleweka ni kazi gani.

Chukulia wagonjwa watatu wa mahututi, wote wana Klebsiella pneumoniae isiyosikia antibayotiki ya seftriaksoni. Karatasi zao za diski zinafanana neno kwa neno. Jenomu zikisomwa, kuna mambo mawili yanayoweza kuonekana. Huenda ni ukoo mmoja, tofauti kati yao hazifiki herufi 20 za vinasaba katika milioni tano na nusu: maana yake bakteria huyohuyo amehama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, kwa mikono, kwa mipira ya mashine ya kupumulia au kwa beseni. Au huenda ni koo tatu mbalimbali, kila moja imebeba plazmidi ileile (kiduara kidogo cha vinasaba kinachohama kati ya bakteria) yenye jeni ya usugu ya CTX-M-15: hapo wagonjwa wanachaguliwa bakteria sugu na dawa wanazopewa, na plazmidi inaruka kati ya bakteria. Tatizo la kwanza linatibiwa kwa sabuni, kutenganisha vitanda na kubadili mipira. La pili linatibiwa famasi, kwa kubana seftriaksoni. Ukikosea moja kwa nyingine, unasugua sakafu mwezi mzima huku usugu unapanda, au unabana dawa huku mikono ndiyo inayosambaza.

Diski haziwezi kutenganisha hali hizo mbili, wala katriji. Huo ndio uamuzi wa tatu, na ndiyo sababu ya kulipia usomaji wa jenomu wakati wa mlipuko. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani leo, majibu yake yanachelewa.

Swali linalofuata ni kusomea hapa au kupeleka.

*Kusomea hapa kwa mashine ndogo.* MinION ina uzito wa kama gramu 100 na inachomekwa kwenye kompyuta. Inasoma vipande virefu vya vinasaba vikipita kwenye matundu madogo, na urefu huo ndio faida yake: plazmidi inaonekana duara zima, jeni ya usugu na majirani zake. Mashine za vipande vifupi hukwama penye marudio yanayozunguka jeni hizo.

Hesabu yake iko hivi. Jenomu ya Klebsiella ni kama milioni 5.5 za herufi. Ukitaka kila herufi isomwe mara 50, unahitaji milioni 275 kwa bakteria mmoja. Kwa 24 ni bilioni 6.6. Floseli (kisahani chenye matundu ya kusomea kinachowekwa kwenye mashine) nzima inayofanya kazi vizuri inazimudu kwa siku mbili au tatu. Kwa bakteria watatu ni kutupa pesa, maana floseli moja ni mamia ya dola. Ndiyo maana kazi hii ipangwe kwa mafungu: kusanya kutoka wodi zinazoshukiwa, soma 12 hadi 24 kwa pamoja, kila mmoja na msimbo wake.

Uandaaji kwa seti ya haraka ni mfupi. Vinasaba safi, karibu nanogramu 200 kwa kila bakteria, vilivyopimwa kwa mwanga wa rangi (kipimo cha Qubit au cha aina hiyo), kwa sababu kipimo cha mwanga wa kawaida kinahesabu pia RNA na kukupa moyo wa bure. Uwiano wa mwanga wa 260/280, unaoonyesha usafi wa vinasaba, uwe karibu 1.8. Kimeng'enya kinakata na kubandika misimbo kwa dakika 2 kwenye nyuzi 30, kisha dakika 2 kwenye nyuzi 80 kukizima. Changanya, safisha kwa shanga za sumaku, tia adapta dakika 5, pakia. Klebsiella mwenye ute mzito huziba kichujio cha kuvunia vinasaba. Punguza kiasi cha koloni badala ya kuongeza. Staphylococcus asipotiwa kimeng'enya cha lisostafini kwanza hapasuki vizuri, na unabaki na tyubu tupu ukidhani seti imeharibika.

Hatua inayoua floseli nyingi mikononi mwa wanaoanza ni ya kupakia. Fungua kifuniko cha tundu la kupakia kimiminika cha matayarisho, weka pipeti ya mikrolita 1000 na uvute nyuma taratibu mikrolita 20 hadi 30, hadi uone kimiminika cha njano kinaingia kwenye ncha. Hapo hewa iliyokuwa mlangoni imetoka. Ndipo usukume mikrolita 800 za matayarisho, subiri dakika 5, kisha nyingine 200, na mwisho mikrolita 75 za sampuli zidondoshwe tone kwa tone kwenye tundu la pili, bila kusukuma. Povu moja likipita juu ya matundu, yale liliyoyagusa yanakauka na hayarudi. Chumba kiwe na kiyoyozi na feni isielekee benchi.

Floseli zinakaa friji, nyuzi 2 hadi 8, na maisha yake ni kama wiki 12. Hapo ndipo maabara nyingi zinaumia: mzigo unakaa bandarini au uwanja wa ndege, ukifika umebakiza wiki chache. Agiza chache mara nyingi, na kagua idadi ya matundu siku inayofika. Chini ya 800 dai nyingine. Umeme ukikatika katikati ya usomaji, kompyuta mpakato yenye betri inaendelea kwa muda, lakini ya mezani inazima na usomaji unasimama, kwa hiyo betri ya akiba ni sehemu ya bajeti. Na kompyuta yenyewe iwe na kadi nzuri ya michoro. Kugeuza mawimbi ya umeme kuwa herufi kwa kiwango cha juu cha usahihi bila kadi hiyo kunachukua siku kadhaa, na usahihi wa chini unazalisha tofauti za uongo kati ya bakteria wawili ambao kwa kweli ni mmoja. Diski ya terabaiti 1 ya nje haitakaa muda mrefu bila kujaa.

*Kupeleka kituo kikubwa.* Moshi, taasisi ya utafiti ya KCRI imekuwa ikisoma jenomu za bakteria wa hospitali kwa miaka mingi, na Dar es Salaam ipo maabara ya taifa. Kutoka Tanga kwenda Moshi kupitia Segera na Korogwe ni safari ya kilomita zinazokaribia 350. Vituo vya aina hii hutumia mashine za vipande vifupi kama MiSeq: usahihi wa kila herufi ni mkubwa sana, kuhesabu tofauti kati ya bakteria ni salama zaidi, na usomaji wenyewe wa vipande vya herufi 250 huchukua saa 39. Ucheleweshaji unatoka kwenye foleni na kwenye kusubiri fungu lijae. Panga wiki mbili hadi nne, usimwahidi daktari siku.

Cha kupeleka ni bora kiwe vinasaba vilivyokwisha vunwa, kwenye tyubu yenye lebo ya plastiki isiyofutika kwa barafu. Vinavumilia joto la njiani na haviambukizi. Bakteria hai wakihitajika, wafungwe tabaka tatu kama sampuli za kundi B la vitu vya kuambukiza, na nakala yao ibaki hapa kwenye gliseroli asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri. Maabara isiyobakiza nakala haina pa kurudi siku jina la tyubu likichanganyika. Sampuli zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli unapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Anza mazungumzo hayo wakati hakuna mlipuko.

Njia zote mbili zinakutana kwenye kompyuta. Programu za bure kama ResFinder na AMRFinderPlus zinataja jeni za usugu, na Pathogenwatch au Kleborate zinataja ukoo wa Klebsiella. Zisomwe pamoja na diski, kamwe zisisomwe badala yake. Jeni inaweza kuwepo ikiwa imelala. Na Pseudomonas anaweza kuishinda imipenemu kwa kufunga tu mlango wa kuingilia dawa, bila jeni yoyote iliyotoka kwa bakteria mwingine. Karatasi ya jenomu ikisema hakuna usugu na diski ikasema upo, mgonjwa atibiwe kwa diski.

Kati ya hizo mbili, kwa Tanga tungeanza na kupeleka. Mashine ndogo ni rahisi kununua na ngumu kuilisha. Ikikaa bila kazi miezi mitatu, floseli zimekufa na mkono wa mtaalamu umesahau, na mlipuko hautasubiri akumbuke. Ukishakuwa na bakteria 20 kila mwezi wanaostahili kusomwa, na watu wawili (mmoja hatoshi, atahamishwa) waliokwisha kuvuna vinasaba vizuri kwa ajili ya kupeleka, hapo leta MinION. Maabara za Bagamoyo zilizo jirani na kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo huko zina hali tofauti: wenye ujuzi wa molekuli wapo mtaa wa pili, na kuanza na mashine ndogo kwa kushirikiana nao ni jambo la busara.

Kusoma makohozi moja kwa moja

Hii ndiyo ahadi inayovutia kuliko zote: usioteshe chochote, soma vinasaba vyote vilivyomo kwenye makohozi, upate bakteria, kirusi na jeni za usugu kwa siku moja. Inawezekana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019 ulitumia saponini (kemikali yenye tabia ya sabuni) kupasua seli za binadamu na kuondoa hadi asilimia 99.99 ya vinasaba vyake, ukapata majibu kwa saa sita. Uliwakamata asilimia 96.6 ya waliokuwa na vimelea kwa kipimo cha kuotesha. Kwa wale ambao kuotesha kulisema hawana, ulikubaliana nako kwa asilimia 41.7 tu. Sehemu ya tofauti hiyo ni bakteria wa kweli ambao kuotesha kuliwakosa. Sehemu nyingine ni wakazi wa mdomoni.

Kwa lengo letu, yaani kupunguza antibayotiki, namba ya pili ndiyo ya kutia wasiwasi. Wodi iliyochoka, yenye vitanda vilivyojaa, ikipewa jina la bakteria itaandika dawa. Zaidi ya hapo, jeni ya usugu ikionekana kwenye makohozi huwezi kusema kwa urahisi ni ya bakteria yupi, yule anayeumiza au jirani yake asiye na hatia. Na vitendanishi vyenyewe vina vinasaba vya bakteria wa maji: bila tyubu tupu ya kulinganishia katika kila fungu, utaripoti Ralstonia kwa mgonjwa ambaye hajawahi kukutana naye.

Lipo pia suala la faragha. Kinachobaki cha vinasaba vya binadamu kwenye faili ni jenomu ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti. Herufi za binadamu ziondolewe kabla faili halijatoka kwenye kompyuta ya hospitali.

Tunaiheshimu njia hii. Kwa sasa mahali pake ni kituo cha utafiti chenye kibali cha maadili, na kazi moja ambayo hakuna nyingine inayoiweza: kirusi kipya ambacho bado hakina katriji.

Mengine mawili kwa ufupi. Vipimo vya damu vinavyosoma jeni za mgonjwa mwenyewe ili kutofautisha mwili unaopigana na kirusi na unaopigana na bakteria vina msingi mzuri (jozi ya jeni za IFI44L na FAM89A ilionyesha hivyo kwa watoto), lakini kwa benchi la mkoa kipimo cha CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi) kinapatikana leo. Na maji taka yanaeleza vizuri usugu wa mji wenye mabomba. Tanga nyumba nyingi zinatumia mashimo, kwa hiyo chota kwenye chemba ya hospitali, ukijua unapima hospitali tu.

Kwa hiyo nani achague nini

Hospitali ya wilaya, iwe Muheza au Pangani: katriji za kirusi, na chupa za damu zinazochukuliwa kabla ya dozi ya kwanza na kupelekwa Bombo siku hiyohiyo. Chupa zikae kwenye joto la kawaida la chumba, zisiwekwe kwenye kisanduku cha barafu pamoja na chanjo. Baridi inawaua wale wanaotafutwa.

Hospitali ya rufaa ya mkoa: kuotesha kuliko imara, ndiko kunakostahili pesa ya kwanza. Kisha katriji za kirusi na chache za Carba-R kwa wanaoingia mahututi. Kisha mkataba wa kupeleka vinasaba Moshi au Dar es Salaam kila mwezi, ulioandikwa na kujaribiwa kabla ya mlipuko, wenye jina la cheo la anayepokea na siku ya kupokea.

Vigezo vya kupeleka viandikwe ukutani, kwa kuwa mlipuko ukifika hakuna atakayekaa kuvijadili: Klebsiella, E. coli au Acinetobacter yeyote asiyesikia meropenemu. Bakteria wawili wenye karatasi za diski zinazofanana kutoka wodi moja ndani ya siku 14. Na kila anayetoka kwenye damu ya mtoto mchanga. Kila tyubu iambatane na tarehe, wodi, namba ya kitanda na dawa alizokwisha kupewa. Jenomu isiyo na namba ya kitanda haitamwonyesha mtu yeyote njia aliyopita bakteria.

Majibu yakirudi, yaandikwe upya kwa ukurasa mmoja: ukoo ni mmoja au siyo, plazmidi ni moja au siyo, na kinachotakiwa kufanywa wiki hii. Nakala moja kwa muuguzi mkuu wa wodi husika. Nyingine iende famasi, ilinganishwe na idadi ya vichupa vya seftriaksoni na meropenemu vilivyotoka kwa wodi hiyo mwezi uleule.